Hofu Inayozaliwa Wodini



Mtu aliyevunjika mguu hupelekwa hospitali, naye hulala kitandani bila kuogopa kwamba kitanda chenyewe kitamvunja mguu wa pili. Mwenye malaria hunywa dawa, homa ikashuka, akarudi kwake. Walakini wako watu ambao hospitali yenyewe, kwa taa zake, milango yake na kelele zake, huwazidishia taabu ileile waliyoletwa kutibiwa. Hao ni watu wazima wenye usonji, walazwapo katika hospitali za magonjwa ya akili. Juma hili twataka kuzungumza habari zao, maana wengi wao wamesema wenyewe kwa muda mrefu wala hawakusikilizwa, na wengine hawakutoka humo wakiwa hai.

Kwanza tulifahamu jina. Usonji ndio ule ambao waliosoma Kifaransa huuita otismu. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, aliyekuwa akifanya kazi Baltimore katika Marekani, aliandika habari za watoto 11 waliofanana kwa tabia zao. Mwaka 1944 daktari Hans Asperger wa Vienna akaandika habari za wengine. Si wazimu, wala si ugonjwa wa kuambukiza. Ni namna ambavyo ubongo wa mtu umejengeka tangu mwanzo. Mtu huzaliwa nayo na huzeeka nayo. Mwenye usonji huona shida kuelewana na wenzake katika mazungumzo, hasa katika yale yasiyotamkwa waziwazi. Hupenda siku ifuate mpango uleule. Tena masikio, macho, pua na ngozi yake mara nyingi huona mambo kwa ukali kupita sisi, au pengine kwa uhafifu kupita sisi. Wako wasiotamka neno maisha yao yote, na wako walimu wa vyuo vikuu.

Wengi hudhani kwamba ni habari ya watoto tu. Watoto wa mwaka 1943 je, walikwenda wapi? Walikua, kama watoto wote. Na katika nchi zetu mtu mzima mwenye hali hii mara nyingi hakupata kuitwa kwa jina lake la kweli. Huitwa bubu, au mjinga, au mwenye pepo, kadiri ya fikira za majirani.

Sasa tuje kwenye wasiwasi. Kila mtu huingiwa na wasiwasi siku ya mtihani, au mtoto anapochelewa kurudi kutoka mtoni. Lakini wataalamu waliojumlisha uchunguzi mwingi mwaka 2019 walikadiria kwamba katika watu wazima 100 wenye usonji, kama 27 walikuwa wakati ule na wasiwasi uliofikia kuwa ugonjwa, na kama 42 walipata kuwa nao wakati mmoja au mwingine wa maisha yao. Hiyo ni hesabu kubwa sana, nayo yafahamika. Mtu ambaye kila sauti humpiga, na ambaye hawezi kukisia wenzake watafanya nini dakika ijayo, huishi kama msafiri apitaye usiku njia asiyoijua.

Bibi mmoja wa Marekani, Temple Grandin, aliyezaliwa mwaka 1947, ameieleza hofu hiyo vizuri kuliko madaktari wengi. Yeye ana usonji, naye ni profesa wa elimu ya mifugo. Katika ujana wake hofu ilikuwa karibu naye mchana na usiku. Siku moja, katika shamba la shangazi yake huko Arizona, aliona jinsi ng’ombe wanavyotulia wakibanwa ubavuni katika kizimba cha kuwachanjia. Akajitengenezea kizimba chake mwenyewe cha mbao, cha kumbana mwili kwa upole, naye akatulia. Baadaye alipata sifa kwa jambo jingine. Wachungaji walipopiga kelele kwamba ng’ombe wao ni wakaidi, hawataki kupita kichochoroni, yeye aliingia mwenyewe kichochoroni akatazama kwa macho ya ng’ombe. Akaona mnyororo unaoning’inia, au koti lililoanikwa juu ya ua, au kivuli sakafuni. Koti likaondolewa, na ng’ombe wakapita. Wafugaji miongoni mwetu watacheka, maana wajua kwamba ni kweli.

Twaomba wasomaji waliweke moyoni koti hilo juu ya ua, kwa maana sasa twaingia wodini.

Tufikiri kijana wa miaka 25, mwenye usonji, katika mji mmoja wa Uingereza. Si mtu fulani. Ni mfano tulioukusanya kutoka katika yale ambayo wenye usonji wenyewe wamesimulia. Alikuwa na kazi ya kupanga vitabu katika maktaba. Mama yake akafariki, saa za kazi zikabadilishwa, akaacha kula na kulala, akaanza kusema kwamba afadhali afe. Hapo kweli anahitaji msaada, wala hatusemi kwamba asipelekwe kwa daktari. Huletwa usiku. Mkanda na kamba za viatu huchukuliwa, pamoja na vile visikizio ambavyo huvaa kuzuia kelele, kwa kuwa vina waya na mtu aweza kujinyonga kwa waya. Sababu ni njema. Lakini yeye amevuliwa ngao yake.

Darini kuna zile taa ndefu nyeupe. Sisi twaona mwanga tu. Yeye huzisikia zikivuma na huziona zikitetemeka. Funguo hulia mkononi mwa kila mlinzi. Milango mizito hugongwa. Televisheni husema peke yake toka asubuhi. Kisha, bila onyo, kengele ya hatari hulia kwa sababu ya mgonjwa mwingine, na watu hukimbia ukumbini. Usiku muuguzi hupita na tochi kutazama kama kila mmoja yu hai, naye kijana wetu huamka kila mara mwanga unapomgusa usoni. Baada ya siku tatu bila usingizi, nani kati yetu angekuwa mtulivu?

Kelele, hata hivyo, si mbaya kuliko yote. Wengi wao husema kwamba lililowatesa zaidi ni kutojua. Muuguzi asema, “Ngoja kidogo.” Kidogo ni dakika ngapi? Asema, “Daktari atakuja baadaye.” Baadaye ni leo au kesho? Kwetu sisi maneno hayo ni adabu ya kawaida. Kwa mtu achukuaye neno kama lilivyo, ni shimo lisilo na chini. Aliahidiwa kutembea bustanini saa nne. Saa nne ikafika, na wafanyakazi ni wachache, matembezi yakafutwa bila maelezo. Nyuso nazo hubadilika. Leo ni muuguzi huyu, kesho ni kibarua aliyeletwa kutoka mji mwingine, asiyejua hata jina lake. Na swali kubwa kupita yote, “Nitatoka lini?”, halina jibu, kwa kuwa amezuiliwa kwa amri ya sheria, na tarehe hutegemea maoni ya watu anaoonana nao mara moja kwa juma.

Siku ya kuonana nao huingizwa katika chumba chenye watu saba. Mmoja humwuliza, “Wajisikiaje?” Hapa yafaa tusimame kidogo. Yapata nusu ya wenye usonji huona shida kubwa kutambua na kutaja yaliyomo moyoni mwao. Moyo unadunda, tumbo limekaza, mikono inatoka jasho. Lakini kwamba hayo yote huitwa hofu, hawana hakika. Basi kijana hujibu, “Vizuri,” maana ndilo jibu alilofundishwa tangu utoto. Katika daftari huandikwa kwamba yu vizuri. Kesho yake, kengele inapolia tena, huziba masikio, huyumba mbele na nyuma, hupiga kichwa ukutani. Katika daftari huandikwa kwamba amekuwa mkali bila sababu.

Bila sababu! Neno hilo ndilo linalofunga mlango. Kwa kuwa hakuna aliyeiona sababu, wasiwasi wake huhesabiwa kuwa ugonjwa, na ugonjwa huongezewa dawa. Dawa humlegeza mwili, humwondolea nguvu ya kujizuia. Akilipuka tena, watu watano humkamata na kumlaza sakafuni, yeye ambaye kuguswa begani tu humwumiza. Kisha hutengwa katika chumba kitupu. Kila tendo la kumtuliza huzaa hofu mpya, na hofu mpya huwa ushahidi kwamba bado hajapona, asiruhusiwe kwenda nyumbani. Wengine hufanya kinyume: hunyamaza kabisa, hawali, hawasogei, nao husifiwa kwamba wametulia.

Hatusemi kwamba wauguzi wa Uingereza ni watu wabaya. Wengi hufanya kazi ya kuchosha, ni wachache, wala hawakufundishwa. Wabaya wamekuwapo pia. Mwaka 2011 watangazaji wa BBC waliingiza kamera ya siri katika hospitali moja karibu na Bristol, iitwayo Winterbourne View, wakaonyesha wagonjwa wakipigwa na kudhihakiwa. Wafanyakazi 11 walikiri makosa, na 6 kati yao wakafungwa mwaka 2012. Serikali iliahidi kwamba wote waliowekwa hospitalini pasipo haki watakuwa wamehamishwa kabla ya Juni 1, 2014. Tarehe hiyo ikapita. Miaka zaidi ya kumi baadaye wenye usonji na wenye upungufu wa akili waliolazwa katika hospitali za namna hiyo walikuwa bado wapata 2,000, na zaidi ya nusu yao wamekaa humo kupita miaka miwili. Mara nyingi daktari amekwisha kukubali watoke. Lakini hakuna nyumba, wala mtu wa kuwasaidia huko nje. Hivyo husubiri katika mahali panapowaumiza.

Lakini tuwataje wawili kwa majina, kwa kuwa jamaa zao walitaka watajwe.

Connor Sparrowhawk alikuwa na miaka 18. Alipenda mabasi kuliko kitu kingine. Alikuwa na usonji na kifafa. Alipofikia utu uzima fadhaa ilimzidi, naye mwaka 2013 akalazwa katika kituo kidogo huko Oxford. Mama yake aliwaambia kwamba kifafa kimeanza tena. Siku ya 107, tarehe 4 Julai, aliachwa peke yake katika hodhi ya kuogea, kifafa kikamshika, akafa maji. Baraza la uchunguzi lilisema mwaka 2015 kwamba uzembe ulichangia kifo chake, na mwaka 2018 shirika lililosimamia kituo hicho lilitozwa faini ya pauni milioni mbili kwa ajili ya kifo chake na cha mgonjwa mwingine. Wote katika kituo walikuwa wakiitazama tabia yake. Kifafa chake hakikutazamwa.

Oliver McGowan alikuwa pia na miaka 18 alipokufa Bristol mwezi wa Novemba 2016. Yeye hakuwa katika hospitali ya akili, bali katika hospitali ya kawaida. Lakini kosa ni ndugu ya lile la kwanza. Aliletwa kwa kifafa, naye akiwa katikati ya kifafa aliogopa na kuhangaika. Dawa kali za akili zilikuwa zimemdhuru zamani. Yeye na wazazi wake wakasema wazi kwamba asipewe tena. Akapewa olanzapini. Ubongo ukavimba, akafa. Wazazi wake hawakunyamaza, na sheria iliyotungwa mwaka 2022 iliwalazimisha wafanyakazi wa afya wa Uingereza kufundishwa habari za usonji. Mafunzo yenyewe yana jina la Oliver. Mwaka 2025 Bunge la nchi hiyo lilishughulikia muswada wa kuzuia usonji peke yake usiwe tena sababu ya kumzuia mtu hospitalini kwa muda mrefu.

Mtu aweza kuuliza: Je, haya yaligunduliwa juzi tu? Hapana. Yaliandikwa tangu siku ya kwanza, katika maandishi yaleyale ya Kanner ya mwaka 1943, kwa yeyote aliyetaka kusoma. Mtoto wake wa kwanza katika orodha alikuwa Donald Triplett, mzaliwa wa Forest katika Mississippi. Mwaka 1937, akiwa hajatimiza miaka minne, wazazi wake walishauriwa kumweka katika nyumba ya watoto mbali na kwao. Huko alidhoofika, akakaa bila kusogea, asitazame kitu. Baada ya mwaka mmoja wazazi walimrudisha nyumbani, ingawa mkubwa wa nyumba ile aliwashauri wamwache. Baadaye aliishi miaka kadhaa kwa mkulima mmoja na mkewe, watu wasio na elimu ya udaktari. Donald alikuwa na uchu wa kupima vitu. Mkulima akamwambia achimbe kisima na kumpa habari za kina chake. Alipenda kuhesabu bila mwisho. Wakamfanya ahesabu mistari ya mahindi huku akilima. Aliokota ndege waliokufa. Wakampa kipande cha ardhi awe anawazika humo, na kuandika alama juu ya kila kaburi.

Donald alisoma chuo kikuu, akafanya kazi katika benki ya mji wake, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafa mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Mwaka 1971 Kanner aliwatafuta tena wale 11. Wale waliofungiwa katika hospitali za serikali aliwakuta wamepoteza hata kile kidogo walichokuwa nacho, naye akaandika kwamba kuingizwa humo kulikuwa kama hukumu ya kifungo cha maisha. Hatusemi kwamba kila mmoja angekuwa kama Donald, ambaye wazazi wake walikuwa na mali na mji mzima ulimjua. Lakini mkulima yule alifanya lile lile alilofanya Bibi Grandin kichochoroni. Aliingia, akatazama.

Mengi yapunguzayo hofu ya wodini hayahitaji fedha. Taa nyingine zizimwe. Televisheni ifungwe saa fulani. Kuwe na chumba kimoja cha kimya, kisicho cha adhabu, ambacho mtu huingia apendapo na kutoka apendapo. Mpango wa siku uandikwe ukutani, na ukibadilika, aambiwe mapema na kwa nini. Badala ya “baadaye” isemwe saa. Badala ya “Wajisikiaje?” aulizwe, “Tumbo limekaza? Umelala saa ngapi?”, au apewe karatasi na kalamu, maana wako wasioweza kusema wakiwa na hofu lakini huandika vizuri sana. Na mtu anayeyumba mbele na nyuma asizuiliwe. Hiyo ndiyo dawa aliyojitafutia.

Kuna jambo jingine, na hapa nchi zetu zina kitu ambacho Ulaya imekipoteza. Huko, mlango wa wodi ukifungwa, jamaa hubaki nje. Mwaka 2018 Waingereza walisoma habari za baba mmoja aliyelazimika kupiga magoti ili azungumze na binti yake mwenye usonji kupitia tundu la mlango, tundu ambalo pia alipewa chakula. Kwetu mgonjwa hufuatwa na mlinzi wake, mama au kaka au mjomba, ambaye hupika, hufua, hulala kando. Madaktari wengine hulalamika kwamba jamaa hujaza ua wa hospitali. Sisi twaona kwamba kwa mgonjwa mwenye usonji, mlinzi huyo ni mkalimani. Yeye ajua kwamba akiziba masikio hajakasirika. Ajua ni chakula kipi hawezi kukila hata akifa njaa. Ajua kwamba kimya chake cha leo si kile cha jana.

Walio na ndugu wa namna hii, ambao labda siku moja watampeleka Sosame huko Bukavu, au Tulizo Letu huko Goma, au hospitali nyingine yoyote, waandike yote hayo mapema katika karatasi moja, nyumbani, siku ambayo kuna utulivu. Jina analopenda kuitwa. Sauti zinazomwumiza. Mahali asipotaka kuguswa. Anavyofanya akiogopa, na nini humtuliza: shuka fulani, wimbo, kuhesabu, kutembea uani. Maumivu yake huonekanaje, maana wengine huumwa jino kwa juma zima wakionyesha hasira tu. Dawa zilizomdhuru zamani ziandikwe juu kabisa, kwa herufi kubwa. Karatasi isomwe mbele yake, naye asahihishe. Kisha nakala moja apewe muuguzi wa mchana, na nyingine muuguzi wa usiku.